Kadi Ile Ndiyo Hii?

Bi Nuru alizikwa Jumatatu baada ya alasiri, na siku ya tatu tukasoma hitima nyumbani kwake Mtongwe, huko Likoni. Watu walijaa hadi uani, maana alikuwa mtu wa watu, hakuna harusi wala matanga ya Likoni yaliyompita. Nilikuwa nikinawa mikono baada ya pilau pale mwanawe Rehema aliponishika kiwiko, akanipeleka chumba cha nyuma na kunipa kifurushi. "Mama aliniusia kitambo," akasema. "Chetezo changu apawe Mwanaidi, ndiye alokuwa akinifukizia." Nikamshukuru, nikamwombea marehemu, nikalia kidogo kama inavyotakiwa. Kifurushi kilifungwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye mashada pembeni, na kilichonishtua kwanza ni hicho kitambaa, kwa sababu nilikijua. Nilipofika kwangu Kisauni nikakifungua juu ya kitanda. Chetezo ndicho, cha udongo, mdomo wake umemeguka upande mmoja. Na chini yake, ndani ya mfuko wa nailoni uliokunjwa vizuri, kulikuwa na kadi ya picha ya kompyuta, ya kizamani, ya aina ambayo vijana wangu dukani hawajapata kuiona. Miaka yote nilidhani ilitupwa jalalani mwaka ule ule wa 1998. Nikaigeuza, nikaitazama karatasi nyeupe iliyobandikwa mgongoni mwake, kisha nikaifunika upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mtu ndani.

Sitaanza na wazazi wangu wala na nilikozaliwa. Hao hawana kosa lolote hapa. Kosa ni langu, na ni la mwaka mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo watu walinionea haya kuniuliza. Bi Nuru naye alikuwa na mwana Dubai, Fahmi, kijana mpenda michezo ya kompyuta, aliyenunua mashine kubwa ya kuchezea, akaichoka, akamletea mama yake isikae bure. Mama mtu hakuichezea. Alikuwa ameona wanawake wa Likoni wakivuka feri kwenda mjini kuchapisha kadi za harusi, akasema kadi hizo zitachapishwa kwake. Akatafuta msichana mwenye adabu na vidole vyepesi, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kupiga taipu miezi mitatu, akaniketisha. Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, cha kawaida, kina mto wa sufi uliochakaa. Lakini nakuomba msomaji ukikumbuke kiti hicho, maana yote niliyoyafanya baadaye niliyafanya ili nisiinuliwe juu yake. Nje ya kiti kile kulikuwa na kuchambua mchele wa watu na kungoja posa.

Chumba chetu kilikuwa cha mbele, dirisha la nondo linatazama njia, sakafu ya saruji nyekundu inayong'arishwa kila Ijumaa kwa nazi. Mashine ilikaa juu ya meza imevishwa. Bi Nuru alikuwa fundi wa kufuma, na kama alivyoivisha redio, televisheni na friji, ndivyo alivyoifumia kompyuta vitambaa viwili vyeupe, kimoja cha skrini na kimoja cha sanduku lake. "Kitu cha thamani hakikai uchi," alikuwa akisema. Cha skrini nilikiondoa asubuhi nikianza kazi. Cha sanduku kilibaki kutwa, mashada yake yakining'inia hadi mezani. Ukuta uliotutenga na jiko haukufika kwenye mabati. Uliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, upepo upite, kama zilivyo nyumba nyingi za kwetu. Ulipita upepo, ikapita harufu ya mbaazi za nazi na mahamri, na yakapita maneno.

Kupitia uwazi ule niliisoma Likoni kuliko nilivyosoma chochote shuleni. Majirani wa Bi Nuru waliingia jikoni saa nne na kutoka adhuhuri. Nilijua nani kaachwa na nani kajiachia, na ni binti gani mahari yake yamerudishwa. "Kadi mia tatu, na pilau ni ya watu mia," nilimsikia jirani mmoja, Mama Zuhura, akisema juu ya harusi niliyokuwa nikiiandika saa hiyo. "Hao miyateni walobaki je?" mwengine akauliza. "Watakula kadi." Nikacheka peke yangu mbele ya skrini. Ikifika saa saba Bi Nuru mwenyewe huja na sahani, wali na mchuzi wa papa, au sima na mchicha wa nazi, akaiweka mbali na mashine isije ikamwagika. "Kula, mwanangu. Hiyo haili, lakini wewe wala." Hakunitumia Rehema, alileta mwenyewe. Nimekula kwenye mahoteli ya Shanzu tangu wakati huo, nikihudumiwa na vijana waliovaa kofia za ukindu kwa ajili ya wageni, na sijapata kula chakula kilicholetwa vile. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani Bi Nuru alikuwa mwanamke mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa mepesi.

Kila Alhamisi alasiri nyumba ilifukizwa. Udi wake alikuwa akiupika mwenyewe, vibanzi vya udi na sukari na mafuta ya marashi, ukatoka mweusi, mzito, unanata vidoleni. Kazi ya kufukiza alinipa mimi. Nilitia makaa katika chetezo, nikapita ukumbini, vyumbani, mwisho chumba chetu, na hapo alinitaka nizidishe. "Kitu kimetoka ng'ambo, macho mangapi yamekiona? Kitilie kinga." Nami siku moja, nikiwa nimekiweka chetezo chini ya meza nipumzishe mkono, nikaona jambo. Moshi haukupanda. Ulielekea kwenye sanduku la kompyuta, ukaingia kwa mbele na chini ya kitambaa, kisha ukatoka kwa nyuma, moto na laini, ukaenea chumba kizima sawasawa. Ile feni ya ndani ilikuwa ikivuta udi na kuutoa. Nikamwita Bi Nuru aone. Akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akacheka hadi machozi. "Wallahi kompyuta hii Muislamu!" Tangu hapo ikawa desturi, tena si ya Alhamisi pekee. Kila fungu la kadi kabla halijachukuliwa nilikiweka chetezo pale chini, mashine ifanye kazi yake, kadi zitoke zinanukia. Wanawake walizisogeza puani kabla ya kuzisoma. Ikawa mtu akipewa kadi ya harusi Likoni, akiinusa hujua ni ya kwa Bi Nuru. Akili hiyo ilikuwa yangu, na niliionea fahari kupita kiasi.

Kufikia majira ya upepo wa kusi mashine ikaanza kuumwa. Nikifanya kazi saa moja, skrini huota mistari, kisha vitone vya rangi kama upele, kisha ikaganda kabisa, na kila nilichokuwa sijakihifadhi kikapotea. Ukiizima ikapoa, huamka. Bi Nuru akaagiza aitwe Kioko. Kioko alikuwa Mkamba, kijana wa miaka thelathini hivi, ana kibanda cha kutengeneza redio na televisheni karibu na kivuko, na kompyuta alikuwa amejifundisha. Mwaka uliotangulia watu wa bara walikuwa wamefukuzwa Likoni kwa mapanga na moto, na kibanda chake kiliungua. Wengi hawakurudi. Yeye alirudi, akajenga kibanda kipya kwa mabati yale yale yenye masizi. Mama Zuhura alipouliza kwani hakuna fundi wa kwetu, Bi Nuru alimjibu, nilisikia juu ya ukuta, "Fundi ni fundi. Jambo likikuharibikia watafuta mikono, hutafuti kabila."

Kioko alivua viatu mlangoni, akaamkia, akalivua sanduku kitambaa chake na kulifungua. Ndani kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia, kama sufuria ya kaimati isiyooshwa. Akapitisha kidole, akakinusa. Kisha akachomoa kipande kimoja kirefu chenye feni ndogo upande mmoja. "Hii ndio kadi ya picha," akaniambia. "Hii ndio inachora kila kitu unaona kwa skrini. Inachemka sana. Shika nisafishe pale ilikuwa." Nikaipokea kwa mikono miwili. Asubuhi ile nilikuwa nimebandua hina ya harusi ya rafiki yangu, na kwenye ncha ya kidole gumba ilikuwa imebaki bado mbichi. Nilipomrudishia nikaona alama ya kidole changu juu ya karatasi nyeupe iliyobandikwa kwenye kadi, ya rangi ya machungwa, kamili na mistari yake. Sikusema, nikiogopa ataniona mshamba. Alisugua feni kwa mswaki na spiriti, akairudisha, na mashine ikaenda vizuri siku nane. Siku ya kwanza kati ya hizo nilimwambia mama mmoja aliyekuja kuulizia kazi yake kuwa tulichelewa kwa sababu kadi ilikuwa ikiungua. Akajishika kichwa. "Kadi za mwanangu? Zimeungua? Na harusi ni Ijumaa!" Tulicheka siku tatu nyumba nzima.

Siku ya tisa mistari ikarudi. Kioko akaja, akafungua, akakuta utando mpya. Safari hii aliinama akatazama chini ya meza, akakiona chetezo, akainuka polepole. Jikoni kulikuwa na mchi unatwanga viungo.

"Dada," akasema, "hii kadi haina ugonjwa. Mnaifukiza."

Nikacheka.

"Usicheke. Huu moshi wenu uko na sukari na mafuta. Ukipoa unaganda kwa feni. Feni ikishikwa, kadi inachemka. Na hiki kitambaa ndio blanketi. Hata mkibadilisha mlete mpya, itakufa hivi hivi. Toeni kitambaa, pelekeni hiyo kitu mbali, muiache ipumue. Basi."

"Mwambie Bi Nuru."

"Mimi?" Akatazama mlango. "Mimi, mwaka huu, Likoni hapa, niingie nyumba ya mama nimwambie udi wake ndio mbaya? Mwambie wewe. Wewe ni kama mtoto wake."

"Nitamwambia," nikasema.

Nakumbuka mchi ulikuwa umeacha kutwanga. Nilidhani viungo vimekwisha.

Sikumwambia. Siku ya kwanza nilisema nitamwambia kesho, siku ya pili nikasema akiwa peke yake, na Alhamisi ilipofika nikakitia makaa chetezo kama kawaida na kukiweka mahali pake. Nimejiuliza mara nyingi kilichonizuia. Kwetu, kumwambia mtu mzima kuwa amekosea ni kama kumvua leso njiani, hilo ni kweli, na nimejificha nyuma yake miaka mingi. Lakini chetezo hakukiweka Bi Nuru chini ya meza. Nilikiweka mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ilikuwa yangu. Ningesema udi umeiharibu mashine iliyotoka Dubai, angeuliza tu, "Na nani aloutia moshi ndani?" Nikaona kiti changu kimeshakaliwa na msichana mwengine.

Ilipozidi, Kioko aliomba aende nayo kadi kwake, aikwangue kwa kisu taratibu na kuipima katika mashine nyingine. Akakaa nayo siku tatu. Akairudisha inang'aa, ina mikwaruzo midogo pembezoni, akaniuliza kwa macho kama nimesema, nami nikaangalia dirishani. Baada ya wiki ilichemka tena. Fahmi akapiga simu kutoka Dubai, na Bi Nuru akayarudia maneno yake jikoni, nikayasikia yote: kuna msafiri anakuja, ataleta kadi mpya kama itahitajika, lakini kwanza mama aangalie, maana mafundi hubadilisha vitu, huenda ile nzuri imechukuliwa wakatiliwa kuukuu. "Si alikwenda nayo kwake?" Mama Zuhura akasema. "Siku tatu! Siku tatu mtu hutoa figo akatia nyingine." Nilimsikia Bi Nuru akikuna nazi, na akaikuna muda mrefu.

Jumapili baada ya alasiri akamwita Kioko. Tulikuwa katika chumba cha mbele, Bi Nuru juu ya kitanda cha kamba, Mama Zuhura na jirani mwengine mkekani, Rehema mlangoni, mimi kwenye kiti changu. Pana sinia ya viazi vya karai na birika la chai ya tangawizi. Kioko alikaa ukingoni mwa kigoda, kikombe mkononi, na hakula kitu.

"Fundi," Bi Nuru akasema, "mwanangu auliza. Nibadilishe nisibadilishe?"

"Usibadilishe, mama. Kadi ni nzima."

"Nzima, na yachemka?"

"Inachemka kwa sababu ingine." Akanitazama. "Sababu nilimweleza Mwanaidi."

Wote wakanigeukia. Mama Zuhura ndiye aliyeniokoa, Mungu amrehemu. "Sababu waijua weye, uloilaza kwako siku tatu! Ile ilotoka Dubai ilikuwa na mikwaruzo hii?"

"Mama, ni hii hii. Sijabadilisha. Mwanaidi anaijua."

Bi Nuru akanyoosha mkono, akapewa kadi, akaiangalia mbele na nyuma kama mtu anayekagua kuku. Kisha akanikabidhi. "Mwanaidi."

"Abee."

"Wewe ndiwe ukaaye nayo kutwa. Kadi ile ndiyo hii?"

Nikaigeuza. Alama ya hina ilikuwa pale pale, imekoza kidogo, mistari yangu yote. Nikaweka kidole gumba juu yake, kikaenea, kikaifunika.

"Sijui, Bi Nuru."

"Hujui?"

"Sijui."

Akanitazama kitambo. Wakati ule niliona ni kutazama kwa mtu mwenye mashaka na fundi. "Basi wasemaje? Ibadilishwe?"

"Ibadilishwe."

Kioko akakiweka kikombe chini bila sauti. Hakuapa, hakugomba. Alisema, "Sawa, mama," akachukua mkoba wake wa bisibisi, akatoka, na viatu vyake akavibeba mkononi akavivaa huko njiani, kama mtu anayeogopa kuinama mbele yetu. "La kuvunda halina ubani," Mama Zuhura akasema nyuma yake. Nilikuwa bado nimeishika kadi. Bi Nuru akanichukulia, akaitia katika upindo wa leso yake, akauliza kama chai inatosha.

Kilichofuata kilikuwa cha kuchekesha, na ndicho kinachonichoma zaidi. Likoni ya mwaka ule, ukimwambia mtu "fundi kaiba kadi," hafikiri kipande cha kompyuta. Anafikiri kadi ya harusi. Kabla ya wiki mbili habari ilikuwa Kioko huiba kadi za mialiko kwa Bi Nuru na kuwauzia watu wa kwao waingie karamuni kula pilau za watu. Hata mwanamume mwenye akili alinihadithia mimi hivyo, mimi, nikanyamaza. Watoto walipita kibandani wakimwimbia "Mwizi wa kadi, pilau imeiva!" Angekuwa wa kwetu ingekuwa mzaha, ukaisha. Kwa mtu wa bara, na jivu la mwaka uliotangulia bado lipo, neno mwizi halikuwa la kuchezea. Watu wakaja kuchukua redio zao kabla hajazitengeneza. Mwezi wa pili akalifungua bati moja baada ya jingine, akayafunga kwa kamba, akahamia Changamwe. Moto haukumtoa Likoni. Tulimtoa sisi kwa viazi vya karai na chai.

Kadi mpya ikaletwa, akaja fundi kutoka mjini kuipachika. Alhamisi ya kwanza nilikuwa nimeshika chetezo naelekea chini ya meza, Bi Nuru akaniita kutoka ukumbini. "Leo kiweke huku. Chumba hicho kiache kipumue." Nikasimama. Neno lile halikuwa lake. Kwake chumba hufunguliwa dirisha, chumba hupigwa na upepo. Hakuwahi kukiambia kipumue. Jioni ile akavua kitambaa cha sanduku akasema anakwenda kukifua, na hakikurudi tena. Ndipo nikaukumbuka ule mchi ulionyamaza. Alisikia kila kitu. Alisikia wiki kadhaa kabla ya Jumapili ile, na akaniuliza mbele ya watu huku akijua. Sijui mpaka leo kama alinifungulia mlango nipite na ukweli, au alikuwa akitaka mdomo mwengine ubebe uwongo badala ya wake. Tuliishi baada ya hapo miaka minne, mimi kwenye kiti na yeye jikoni, hatukulitaja hata siku moja. Kadi mpya haikuchemka kamwe. Itachemkaje? "Mwaona?" Mama Zuhura akawa anawaambia wateja. "Ile ya yule ilikuwa bandia." Tuliondoa kosa letu, na kule kuliondoa kukawa ushahidi juu yake. Bi Nuru akisikia hayo husema, "Mungu atusamehe sote," na watu wakamsifu kwa moyo wake mzuri. Saa saba akaniletea sahani, na kipande cha papa kikawa kikubwa kuliko zamani.

Leo nina duka langu Kisauni, mashine sita na vijana wanne. Kila Jumatatu nawataka wafungue masanduku wapulize vumbi, na wananiona mzee msumbufu. Wateja wa zamani huniuliza kwa nini kadi zangu hazinukii kama za kwa Bi Nuru. Nawaambia udi siku hizi umekuwa ghali. Hata hapo nadanganya.

Wiki moja baada ya hitima nilikwenda Changamwe. Kumpata hakukuwa kazi. Mafundi wa vifaa wa zamani wako wachache, na wote wanajuana. Ana duka dogo safi, miwani imeshuka puani, mvi kichwani. Hakunitambua hadi nilipotaja jina, kisha akasema "Ah" na kunivutia kigoda. Nikamtolea kadi kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Akaipeleka kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo.

"Hiki ni kisu changu," akasema. "Ndio hii." Akaigeuza. "Na hii alama?"

"Hina yangu. Ya ile siku ya kwanza, uliponipa niishike."

Akahesabu kichwani. Nilimwona akifika pale. "Kwa hivyo ile Jumapili ulikuwa unaiona."

"Niliiona. Niliifunika kwa kidole."

Nikamweleza yote, mchi, kitambaa, neno la kupumua, kifurushi. Nililia, na safari hii sikulia kwa sababu inatakiwa. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mteja anayeeleza televisheni yake ilivyoharibika.

"Umeambia nani mwingine?" akauliza.

"Wewe ndiwe wa kwanza."

"Mimi?" Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mimi tangu siku hiyo najua mimi si mwizi. Mimi hukuniambia kitu. Bado hujaambia mtu." Akanirudishia kadi. "Mke wangu alikufa akiitwa mke wa mwizi wa kadi, hapa hapa Changamwe. Maneno yanavuka feri bure. Nenda kawaambie wenyewe."

Nikamwahidi. Nilimtajia hata siku: arobaini ya Bi Nuru, nyumba itakuwa imejaa, wale wale na watoto wao.

Arobaini ilisomwa Alhamisi iliyopita. Nilikwenda na kadi ndani ya mkoba. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye feri: nitangoja dua iishe, nitaomba ruhusa kwa Rehema, nitaitoa, nitawaonyesha hina. Dua ikaisha. Rehema akanitazama mbele ya wanawake wote, macho yamejaa, akaniuliza kama nimekuja na chetezo cha mama. Nilikuwa nimekuja nacho; aliniomba kwa simu. "Basi tufukizie, dada," akasema. "Hakuna aijuaye kazi hii kama weye." Makaa yalikuwa tayari. Mkoba nikauweka chini ya kiti, nikatia udi, nikainuka. Nikapita ukumbini, nikapita vyumbani, nikaingia chumba cha mbele ambako siku hizi analala mjukuu, nikafukiza na pale chini ya dirisha ilipokuwa meza. Wanawake wakafungua buibui zao kupokea moshi. "Mashallah, Mwanaidi," akasema mmoja wao, binti wa Mama Zuhura. "Mkono wako haujabadilika."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikaendelea na wa pili.